Ngazi Zinazopanda Zenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, Kasulu)



Katika barua ya kunialika, Katibu aliniomba nizungumze juu ya teknolojia na maendeleo. Mimi ni mtumishi wa serikali. Mada ya namna hiyo naweza kuisema nikiwa usingizini, nanyi mkaisikiliza mkiwa usingizini vilevile. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kuipunguza kidogo. Nitazungumza juu ya michezo: bao, na magemu ya kompyuta na simu, hasa yale ambayo mtu hujivika nafsi ya mhusika katika dunia ya kubuni, akaanza mnyonge na kupanda ngazi hata akawa shujaa. Najua walimu hawayapendi. Naomba wanistahimili.

Nilifika shuleni hapa Januari 1996 nikitokea Kibondo, juu ya lori la maharage. Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka barabara ile wakati wa masika. Tulikwama mara mbili, tukalala Makere, na asubuhi nikaingia Kasulu nina matope hadi kwenye masikio. Nilikuwa na sanduku la bati, godoro, na majivuno ya kwamba nalijua bao. Kijijini kwetu tulichimba mashimo ardhini, tukaokota vijiwe, tukaweka viwili viwili kila shimo, tukacheza mpaka ng'ombe wakaingia katika shamba la mtu. Hakuna mtoto aliyeniweza.

Jumamosi tulipopewa ruhusa ya kwenda sokoni, nilimkuta mzee mmoja fundi cherehani akicheza bao barazani pake. Lilikuwa bao la mbao, limechongwa vizuri, mashimo yake yamekuwa laini kwa kushikwashikwa. Nikasimama kutazama. Akaniuliza, "Kijana, unalijua bao?" Nikamjibu bila kusita, "Nalijua, mzee." Akanikaribisha, akatandaza kete mbili mbili katika mashimo yote 32, tukacheza. Nilishinda. Jumamosi ya pili nikashinda tena. Ya tatu nikashindwa, lakini kwa shida. Nikawaandikia nyumbani kuwa mjini nako nimepata mtu wa kucheza naye.

Jumamosi ya nne mzee alizoa kete zote. Akaweka 6 katika shimo moja la mraba, safu ya mbele, na 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake. Kwangu vilevile. Zilizobaki, 22, akanitia mkononi. Nikamwuliza hizi za nini. Akasema, "Lile tulilokuwa tukicheza ni la kujifunza. Sasa tucheze bao."

Ninyi mnaolijua bao mmekwisha cheka. Kwa wasiolijua nieleze kidogo. Katika bao la kujifunza kete zote 64 zimekwisha kukaa mahali pake kabla hujaanza. Katika bao lenyewe kuna sehemu ya kwanza iitwayo namua, ambamo kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, na pale unapoiweka ndipo mchezo wako unapojengwa. Ukila kete za mwenzio katikati ya safu, ni juu yako kuzianzisha kulia au kushoto. Lile shimo la mraba ndiyo nyumba, ghala lako. Ukila, ukasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani mwako, una hiari ya kulala, maana yake kusimama hapo na kuhifadhi ulichonacho, au ya kusafiri, maana yake kuizoa nyumba nzima na kuendelea. Ukisafiri unaweza kumvunja mwenzio. Unaweza pia kubaki huna nyumba, na nyumba ikishaondoka hairudi. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia katika mtaji, sehemu ya pili, ile ambayo mimi kule kijijini nilidhani ndiyo bao zima.

Siku ile nilikuwa bado nina kete tisa au kumi mkononi, safu yangu ya mbele ikawa tupu. Hamna. Mchezo umekwisha, na mimi kete ziko kiganjani kama mtu aliyefika sokoni na pesa zake akakuta maduka yamefungwa. Nilishindwa namna hiyo muhula mzima. Nilikuwa na ugonjwa wa kusafiri. Kila nilipofika nyumbani niliizoa. Siku moja nilichoka, nikamwuliza, "Mzee, hapa nilale au nisafiri?" Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nyumba ni yako."

Nilidhani ananinyima. Mwalimu wa hesabu angenionyesha njia. Mzee yule hakunionyesha hata siku moja, ila baada ya mchezo alikuwa tayari kuirudisha kete kwa kete mpaka pale nilipoharibu, tukatazama pamoja. Kidato cha tatu nikaanza kumshinda mara moja moja.

Baadaye, nikiwa kazini, nilikwenda Kampala kwa mkutano, nikawakuta watu wakicheza omweso. Ubao wake nao una mashimo 32 na kete 64. Wanaojifunza hutia kete nne nne katika safu ya nyuma, basi wanaanza. Lakini wachezaji wenyewe, wale wa mashindano, kila mmoja huzipanga kete zake 32 apendavyo upande wake kabla ya kuanza. Nilifurahi sana kuona hivyo. Watu wa pwani na Waganda hawakukaa kikao kimoja, lakini wote wamelitenga bao la mwanafunzi na bao la mchezaji, na tofauti yake imo katika kiasi gani cha uamuzi kimewekwa mikononi mwako tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye magemu. Niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Pale Mwenge palikuwa na vyumba vya intaneti, na usiku bei ilishuka. Wenzangu walikwenda kuandika barua pepe. Mimi mwaka uliofuata nilionyeshwa gemu iitwayo RuneScape, iliyotengenezwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, na kufunguliwa mwaka 2001. Uzuri wake ni kwamba haikutaka kompyuta ya kifahari. Ilifunguka kama ukurasa wowote wa intaneti, na sehemu kubwa ilikuwa bure. Unaingia, unakuta maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, na hakuna anayekwambia uwe nani. Kuna kupigana, kuna kukata miti, kuchimba madini, kufua vyuma, kupika, kuvua. Kila kazi ina ngazi zake mpaka 99, na unapanda katika ile unayoifanya.

Mimi, mtu wa milimani, ambaye mgebuka nimeuona kwanza ukiwa umekauka, nikaamua kuwa mvuvi. Nilipanda mashua kwenda kisiwa kiitwacho Karamja, nauli sarafu 30, nikavua kamba, nikarudi kuwauzia wapiganaji waliohitaji chakula. Mzigo wa kila mtu ulikuwa vitu 28, haukuzidi. Bei tulipatana kwa maneno kama sokoni Kasulu. Ngazi ya vita kila mtu huanza nayo ya 3, na yangu ilibaki 3 mpaka nilipohitimu, kwa sababu sikutaka kupigana. Gemu ile ilikuruhusu kutopanda. Palikuwa na wapiganaji walioiacha kwa makusudi ngazi yao ya kujikinga ibaki 1, wakaongeza nguvu tu. Walikuwa hatari sana na walikufa upesi. Ilikuwa hiari yao.

Lakini nisiipambe. Katika gemu hiyo ukifika ngazi ya 92 umekusanya nusu tu ya alama za kukufikisha 99, kwa maana alama zinazotakiwa kufika 99 ni zaidi ya milioni 13. Nusu ya pili ni kubofya, kubofya, kubofya. Kukata miti elfu kumi iliyo sawa hakumfundishi mtu kitu. Nayasema haya kwa sababu wapo watetezi wa magemu ya zamani ambao kilio chao ni cha jasho tu: sisi tuliteseka, nao wateseke. Mimi simo. Mtu akiniletea mashine ya kunisagia mahindi simkatalii. Ila akisema mashine hiyo itachagua pia nile nini, hapo tutazungumza.

Na ndivyo ilivyokwenda. Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni ile iliwazuia wachezaji kupigana ovyo katika mbuga ya hatari, ikaweka kikomo cha biashara, hata zawadi ya maana usiweze kumpa rafiki. Sababu ilikuwapo: watu waliuza sarafu za gemu kwa fedha halisi, pamoja na wizi wa kadi za benki. Hata hivyo wavuvi wa namna yangu walikwisha. Miaka mitatu baadaye wachezaji waliulizwa kwa kura. Kura zilipita milioni 1.2, na asilimia 91 wakataka uhuru urudi. Ukarudi Februari 2011. Kisha Novemba 2012 namna ya kupigana ikageuzwa yote, na watu wengi wakahama. Februari 2013, baada ya kura nyingine, kampuni ilifungua upya gemu ile kama ilivyokuwa Agosti 2007, kutoka nakala iliyokuwa imehifadhiwa, na ikaahidi kwamba jambo jipya halitaingizwa ila likikubaliwa na asilimia 75 ya wapiga kura. Gemu hiyo ya kale ipo hata leo.

Kisa kibaya zaidi ni cha Star Wars Galaxies, iliyoanza Juni 2003. Sikuicheza, nimeisoma habari zake. Mchezaji alikuwa na alama 250 za ujuzi, akazigawa apendavyo. Angeweza kuwa nusu daktari na nusu mcheza ngoma, au fundi nguo mwenye kujua bastola kidogo, na akibadili nia aliacha ujuzi mmoja akachukua mwingine. Fani zilikuwa 34. Novemba 2005, ili kuwavuta wageni, fani zilifanywa 9, kila moja na njia yake iliyonyooka. Unachagua siku ya kwanza, basi. Wenyeji walilalamika sana, wengi wakaondoka, na wageni waliotarajiwa hawakujaza nafasi zao. Gemu ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011.

Na World of Warcraft, kubwa kuliko hizo, nayo ilipita njia hiyo polepole. Ilipoanza mwaka 2004, kuanzia ngazi ya 10 kila ngazi ilikupa alama moja ya kuweka katika mmoja wa miti mitatu ya vipaji. Kufika ngazi ya 60 ulikuwa umefanya maamuzi 51 madogo madogo. Mwishoni mwa 2010 ukalazimika kufuata mti mmoja mpaka uweke alama 31 ndipo uruhusiwe kugusa mwingine. Mwaka 2012 miti ikaondolewa kabisa, na badala yake kila baada ya ngazi 15 ukaonyeshwa vitu vitatu uchukue kimoja. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 90, mara sita.

Wenye gemu walikuwa na hoja, na ni haki niitaje, maana ina uzito. Walisema: maamuzi hayo 51 yalikuwa ya jina tu. Mtu mmoja hodari alipiga hesabu, akatangaza mpango bora, na mamilioni wakaunakili. Mwenye kupanga kwa akili yake alikataliwa katika vikundi kwa kuwa amekosea. Kwa hiyo, walisema, hatukuwanyima chochote ila fursa ya kukosea.

Nimeifikiria hoja hii muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye mafaili mezani. Ni kweli wengi walinakili. Hata katika bao kuna mianzo inayojulikana, na watoto huiiga kwa wakubwa. Lakini anayeiga mwanzo wa namua anaushika mkononi kete kwa kete, na zamu ya tatu mwenzake akifanya jambo lisilotarajiwa, kuiga kumeisha. Hapo ama ameelewa kwa nini au hajaelewa. Ukimwondolea namua, hata kuiga kwake hakumfikishi popote. Fursa ya kukosea ndiyo niliyotumia muhula mzima barazani kwa fundi cherehani. Kama angenipa bao la kujifunza miaka minne, ningehitimu nikiwa mshindi.

Wala bao la kujifunza si baya. Mimi mwenyewe nalitumia kwa wanangu. Baya ni kumfungia mtu humo, kisha ukamwambia kuwa bao lenyewe ndilo hilo. Na naona wenye magemu wamekwisha kulitambua kidogo: mwaka 2019 World of Warcraft ilifungua upya toleo lake la mwanzo, na mwaka 2022 miti ya vipaji ikarudishwa katika gemu mpya.

Kwenye simu mambo ni tofauti. Mwanangu wa pili yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita nilimkuta amelaza simu mezani, imechomekwa chaji, na ndani yake mhusika wake anapigana peke yake. Kuna kitufe: ukikibonyeza, gemu hujicheza. Shujaa anatembea, anaua, anaokota, anapanda. Kijana anakula wali. Nikamwuliza, "Umemjengaje huyu?" Akasema, "Hajengwi, baba. Anapanda mwenyewe." "Sasa wewe unafanya nini?" Akafikiri, akasema, "Nikiamka asubuhi naangalia amefika ngazi gani." Niseme ukweli, sikukasirika, niliogopa. Ni mtoto mwenye akili. Alikuwa ameridhika kabisa.

Niliogopa kwa sababu habari ile niliifahamu kutoka ofisini. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ndogo iliyorahisisha namna ya kupanga vijiji vya kutengenezewa visima. Zamani ofisa alikwenda, akaona, akazungumza na watu, akarudi na orodha yake na kuitetea. Ilichukua muda mrefu, na upendeleo haukukosekana. Sisi tukatengeneza jedwali: unajaza tarakimu, orodha inajipanga yenyewe. Tulisifiwa. Nami nilijisifu. Baada ya miaka mitatu mfumo uliharibika wiki mbili, mvua inakaribia, nikawaita vijana watatu, wahitimu wazuri kabisa, nikawapa vijiji 12 wavipange. Walikaa siku nzima. Jioni mmoja akaja na kunieleza kwa adabu, "Mzee, tumeona tusubiri mfumo urudi."

Vijana wale hawana kosa. Mimi ndiye niliyewaondolea namua, na hawakuwahi kujua kuwa ilikuwapo. Tangu hapo nimerudisha jambo moja tu: kila robo mwaka, kabla jedwali halijafunguliwa, kila ofisa anaandika orodha yake kwa mkono na sababu zake, kisha tunailinganisha na ya mashine. Mara nyingi mashine ina haki. Mara moja haikuwa na haki, na aliyeligundua ni yule yule aliyenijia na adabu zake.

Ninyi mliosimama nyuma, mmebahatika kwa jambo moja. Sisi tulipomaliza kidato cha nne tahasusi za kuchagua zilihesabika haraka. Mwaka 2024 zilitangazwa nyingine 49, zikawa 65. Ni mashimo mengi hayo. Nimesikia kwamba baadhi yenu mnangoja mpangiwe tu, au mnaandika alichoandika jirani. Sitawaambia mwandike nini.

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu mchango wa chumba cha kompyuta, nimetoa sehemu yangu na risiti ninayo. Sipingi hata magemu kuwamo, mradi yawe ya kuchezwa na mtu. Ombi langu dogo ni kwamba katika fedha hizo zipatikane za mbao nne za bao, za mninga, na fundi wa hapa hapa Kasulu anaweza kuzichonga. Mbili nimekwisha zileta kwa gharama yangu. Ziko ndani ya gari pamoja na kete zake, 64 kila moja, naomba Kiranja Mkuu azihesabu na kutia sahihi, maana nawajua wanafunzi wa shule hii.

Yule mzee fundi cherehani alifariki nikiwa chuoni. Bao lake sijui liko kwa nani. Aliyepo hapa akilijua aniambie, nitalinunua kwa bei atakayotaja. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe karibu na bweni la zamani. Nitakaa na yeyote, mwanafunzi au mzee mwenzangu. Tutaanza na namua.